Maji Yafike Kwenye Ukucha

Kwenye darsa letu la wanawake hapa Magomeni, swali la rangi ya kucha hurudi kila msimu wa harusi. Huulizwa kwa sauti ya chini, na anayeuliza aghalabu ni msichana aliyeficha vidole ndani ya baibui: mtu akipaka rangi kucha zake, swala yake inapokewa? Mara nyingi kabla sijajibu, mama mmoja mtu mzima huwa ameshajibu kwa ukali kwamba rangi ya kucha ni mambo ya makafiri na malaika hawaingii nyumba yenye chupa yake. Jibu hilo silikubali. Halina dalili, na limewafukuza wasichana wengi kwenye mkeka wa darsa. Silikubali pia jibu la upande wa pili, linalosema Mungu huangalia moyo, kucha zina nini. Swali lenyewe ni zuri kuliko majibu yote mawili, na linastahili kujibiwa kwa utulivu.

Nalisema hili kwa sababu ya kazi ninayoifanya. Nimo katika kikundi cha kinamama wa mtaani kwetu wanaoosha maiti wa kike, kazi niliyofundishwa na mama mkubwa. Mwosha maiti huijua mikono ya watu kwa karibu sana: kidole cha shahada cha mshonaji kilichojaa vitundu vya sindano, kiganja cha mama lishe kilichokomaa kwa mwiko, kucha za bibi zilizobaki na ncha nyekundu za hina ya Idi iliyopita. Kwa hiyo ninapozungumzia kucha sizungumzii urembo peke yake. Nazungumzia sehemu ya mwili ambayo ipo siku itaoshwa na mtu mwingine, mwenyewe akiwa hawezi kusema lolote.

Binti wa kaka yangu alipokaribia kuolewa aliniomba nimsindikize saluni. Hakuwahi kufanyiwa manikyua. "Shangazi, mimi sijui hata wanaanzia wapi," aliniambia, "na sitaki nifike pale nizubae." Zamani asingehitaji kuuliza. Somo wake angemweka ndani, amsinge kwa liwa, amloweke vidole kwenye maji ya moto yenye ndimu, amsugue visigino kwa jiwe, amalizie kwa mafuta ya nazi, na usiku wa hina ndipo kucha zingepata rangi. Kazi ile ile leo imehamia kwenye kiti cha saluni. Sioni ubaya wa kuhama huko. Ila somo alikuwa anazijua hukumu za udhu na josho, na alimfundisha mwari huku akimsugua. Msichana wa saluni hakuajiriwa kwa hilo. Ndiyo maana anayekwenda inambidi aende akijua mwenyewe.

Basi kwa ambaye hajawahi, mambo huenda hivi. Unakalishwa mbele ya meza ndogo yenye taulo. Binti anayehudumia anashika mkono wako, anautazama, anauliza unataka kucha fupi au ndefu, za mviringo au za mraba. Kama kuna rangi ya zamani huifuta kwa pamba yenye dawa ya kutolea. Kisha hukata, halafu husawazisha ncha kwa kitupa. Fundi mzuri hukipeleka upande mmoja tu, kwa sababu kukirudisha huku na huku hupasua ncha ya ukucha. Baada ya hapo vidole huingia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, vikae dakika chache ngozi ilainike. Halafu inakuja hatua ambayo mgeni hushtuka: kijiti kinapita kwenye shina la ukucha, kikisukuma nyuma ule ukingo mwembamba wa ngozi uliotambaa juu yake. Hakiumi kama mkono ni mwepesi. Mwishoni unasuguliwa viganja kwa mafuta au losheni, vidole vinavutwa kimoja kimoja, na kucha zinang'arishwa kwa kibao laini mpaka zinatoa mng'ao wake zenyewe, bila rangi yoyote. Kazi yote haifiki saa nzima.

Hapo kwenye ule ukingo wa ngozi nasimama kidogo, maana wengi hukosea. Baadhi ya saluni huukata wote kwa mkasi ili ukucha uonekane mrefu. Ngozi ile ina kazi. Inaziba mwanya kati ya ukucha na nyama, vijidudu visipite kwenda kwenye shina ambako ukucha unazalishwa. Ikikatwa, kidole huweza kuvimba na kutunga usaha, na mkasi uliomkata mmoja ukihamia kwa mwingine bila kusafishwa unaweza kubeba maradhi. Virusi vya homa ya ini aina ya B hubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu lisiloonekana kwa jicho. Mwili tumepewa kwa amana, na dini imetukataza kudhuru na kudhuriwa. Kwa hiyo kumuuliza binti wa saluni vifaa vyake amevisafisha na nini, au kwenda na kikata kucha na kitupa chako mwenyewe, si kiburi wala kumdhania vibaya. Mwenye kisukari namsihi zaidi: asikubali kukatwa ngozi kabisa, mkononi wala mguuni.

Mpaka hapo, hakuna hata hatua moja iliyofanyika ambayo dini inaionea haya. Kinyume chake. Katika hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kukata kucha kumetajwa miongoni mwa mambo matano ya fitra, yaani yale yanayokwenda na umbile aliloumbiwa mwanadamu. Katika hadithi ya Bibi Aisha iliyopo kwa Muslim, orodha inafika mambo kumi, na limo jambo ambalo wengi hawalikumbuki: kuosha maungio ya vidole, pale mikunjo inapokusanya taka. Anas bin Malik naye amepokea kwamba kucha zisiachwe zaidi ya siku 40. Ukiyaweka pamoja, unaona kwamba yale ambayo binti wa saluni anayafanya kwa bakuli, kitupa na kijiti yana asili ndani ya mafundisho yetu wenyewe. Anayekwenda kusafishwa kucha hakwenda kuiga mtu.

Siku ile saluni, msichana aliyekuwa akimhudumia binti wa kaka yangu akamuuliza, "Nikupake rangi gani? Ya kawaida au jeli?" Swali hili ndilo linalobadilisha kila kitu, na huulizwa haraka, chupa ikiwa tayari mkononi.

Sisi watu wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika vitabu vya madhehebu hayo udhu una nguzo sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka maji kichwani, kuosha miguu mpaka kwenye vifundo, na kufuata utaratibu huo. Ukucha umo ndani ya mkono. Maji yasipoufikia, mkono haujaoshwa, na mkono usipooshwa udhu haujatimia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza jambo hili katika kitabu chake Majmu kwa mifano ya zama zake: nta, unga uliokandwa ukakaukia mkononi, na hina yenyewe ikiwa bado imeganda. Vyote hivyo vikizuia maji, tohara haisihi. Lakini hina ikishabanduliwa ikabaki rangi yake tu, haidhuru kitu. Rangi ya chupa haikuwapo Damascus ya Nawawi, ila hukumu yake inajulikana kwa kutazama mfano wa nta. Rangi ya kawaida ni utando. Kimiminika chake huruka hewani na kuacha ganda juu ya ukucha. Jeli ni utando mgumu zaidi, unaogandishwa kwa mwanga wa taa ndogo unayowekewa vidole ndani yake. Kucha za kubandika na za akriliki ni ganda nene kuliko hayo.

Hina ni jambo jingine kabisa. Majani ya mhina yana kiasili cha rangi kinachoshikana na ukucha wenyewe, kikaingia ndani yake. Hakuna ganda la kuondoa. Rangi huondoka ukucha unapokua, karibu milimita 3 kwa mwezi. Ndiyo maana bibi zetu waliswali swala tano na vidole vyekundu wala hakuna aliyewahoji. Ipo hata hadithi kwa Abu Daud, ya mwanamke aliyempa Mtume barua kutoka nyuma ya pazia, akaambiwa kwamba angekuwa mwanamke angezipa kucha zake rangi ya hina. Wanazuoni wameitia dosari sanadi yake, kwa hiyo siitegemei kutoa hukumu. Naitaja kwa sababu vizazi vya Waislamu vimeisimulia bila kuona ajabu yoyote katika kucha zenye rangi. Anayesema rangi kwenye ukucha ni ukafiri anapingana na historia yetu sote. Ninachoonya kuhusu hina ni piko, ile nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele. Imewababua maharusi mikono, na wengine hubaki na makovu.

Sasa lipo swali kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa nini Mungu, aliyeumba mbingu na ardhi, ajali utando mwembamba kuliko karatasi? Msichana mmoja wa chuo aliniuliza hivyo hivyo, tena kwa adabu: "Mama, kucha zangu zimeoshwa, ni safi kuliko za mtu yeyote humu ndani. Uchafu uko wapi?"

Nikamwambia ana haki, uchafu haupo. Udhu ungekuwa ni wa kuondoa uchafu, yeye angekuwa ametawadha vizuri kuliko sisi. Lakini asiyepata maji anafanya nini? Anapiga viganja vyake kwenye udongo safi na kupaka uso na mikono. Tayamamu haimsafishi mtu, inampaka vumbi, na bado anasimama kuswali. Hapo tunajifunza kwamba jambo lenyewe si usafi wa macho. Mja anaamriwa aulete mwili wake, huu huu aliopewa, aupitishe kwenye maji aliyoamriwa au udongo alioruhusiwa, ndipo asimame. Ibada ya Kiislamu haifanywi na fikra zikielea hewani. Paji la uso hugusa chini. Tumbo hukaa na njaa. Miguu huzunguka Kaaba. Na ngozi hulowana.

Wanaosema Mungu hutazama moyo wamesema kweli, na moyo haujasahauliwa: nia ndiyo nguzo ya kwanza kati ya zile sita. Lakini imewekwa pamoja na nyingine tano, na katika madhehebu yetu nia inapaswa kuambatana na maji yanapogusa uso. Vyote viwili vinaanza kwa wakati mmoja. Mtu anayeniambia moyo wake umetawadha lakini mikono yake haikutawadha, naona amejigawa mwenyewe vipande viwili, akampa Mungu kimoja.

Katika Sahihi Muslim, Umar bin Khattab amesimulia habari ya mtu aliyetawadha akaacha mguuni sehemu kavu yenye ukubwa wa ukucha. Mtume akaiona, akamwambia arudi akatawadhe vizuri. Mimi kisa hiki kilinisumbua nikiwa kijana. Nilikiona kigumu. Nilipozidi kukaa nacho nikaona upande wake wa pili: kulikuwa na jicho lililoona sehemu ndogo kiasi kile ya mtu mmoja, na halikuiona kuwa haina thamani. Mtu anayeambiwa kwamba hata ukucha wake una hesabu, ameambiwa kwamba hana sehemu isiyotakiwa. Mwanamke ambaye mwili wake umesemwa vibaya tangu utotoni, mara mnene, mara mweusi, mara mikono yake ya kiume, anahitaji kulisikia hilo zaidi ya kutishwa na moto.

Na isidhaniwe kwamba hukumu hii imewekwa kuwabana wanawake. Fundi rangi akitoka kazini na rangi ya mafuta imegandia kucha zake, anaambiwa aitoe. Seremala mwenye gundi kavu kidoleni ni vivyo hivyo. Mwanamume mwenye pete iliyombana anaambiwa aichezeshe maji yapite. Mama aliyekanda chapati akasahau unga chini ya kucha naye yumo. Ingawa kuhusu taka za chini ya ukucha Imamu Ghazali alikuwa mpole, akaona zinasamehewa kwa sababu Mtume aliwaamuru Waarabu wapunguze kucha wala hakuwaamuru warudie swala zao. Wapole na wakali wote wanazungumzia maji. Hakuna aliyezungumzia kupendeza.

Sokoni sasa ziko rangi zinazodaiwa kupitisha maji. Kampuni ya Inglot ya Poland ilitoa rangi iitwayo O2M, iliyokusudiwa kuruhusu hewa na unyevu kupita, na mwaka 2013 habari zake zilienea sana miongoni mwa Waislamu wa Ulaya na Marekani. Baada yake zimefuata nyingi, na wanazuoni wamegawanyika. Wapo waliokubali, wapo waliokataa, wapo waliosema ijaribiwe. Mimi si mufti, lakini nitasema ninavyoona. Kuosha ni maji kupita juu ya kiungo. Unyevu unaopenya taratibu si kuosha, kama ambavyo jasho si kuoga. Niliwahi kupewa chupa iliyonunuliwa Kariakoo, imeandikwa neno halali kwa herufi za dhahabu. Nikapaka tabaka mbili kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, nikaacha ikauke, nikadondosha maji na kusugua kwa kidole kama mtu anayetawadha. Upande wa pili wa karatasi ulikuwa mkavu. Hilo ni jaribio ambalo kila mwanamke anaweza kulifanya jikoni kwake kabla hajaamini maandishi ya chupa.

Wengine huniuliza kama rangi haiwezi kuchukuliwa kama bendeji, ambayo mtu hupaka maji juu yake, au kama khofu za ngozi ambazo Mtume alipaka maji juu yake safarini na mjini. Bendeji ni ya aliyeumia. Khofu zina masharti yake na muda wake, na ruhusa hiyo imekuja kwa nguo ya miguuni. Ruhusa haikatwi kipande ikashonewa jambo jingine kwa sababu tu tunalipenda.

Kwa hiyo ninachowaambia wasichana ni hiki. Ukitaka rangi ya kawaida, ipake unapokuwa kwenye siku zako, na uifute kabla ya josho. Hata nje ya siku hizo ukiipaka ukiwa na udhu, udhu ule hauvunjiki kwa rangi. Unaweza kuswali nao mpaka utakapotenguka, kisha uifute kabla ya kutawadha tena. Jeli ni mtihani mkubwa zaidi. Ada ya wanawake wengi ni siku 6 au 7, na jeli imetengenezwa ikae wiki 2 na zaidi. Hesabu hiyo haikubali. Tena haitoki kwa kufuta. Inabidi ilowekwe asetoni kwa pamba, ifungwe kwa foili, isubiriwe, na wengi hukosa subira wakaibandua kwa meno, ukucha ukatoka na tabaka lake la juu. Bibi harusi aliyewekewa jeli Ijumaa anajikuta Jumapili asubuhi ana josho la wajibu na kucha kumi zilizofungwa. Hapo ndipo wengine huacha swala wiki nzima kwa aibu, wakiogopa hata kuuliza. Swala iliyoachwa ni hasara kubwa kuliko rangi iliyopakwa, na ningependa walimu wenzangu waanze na hilo.

Binti yetu alimjibu yule msichana wa saluni, "Nisafishie tu, dada, hina nitapakwa nyumbani." Nilidhani tungetazamwa vibaya. Yule msichana akasema, "Sawa, wateja wengi wa Ijumaa wananiambia hivyo," akachukua kibao cha kung'arishia. Kucha zikatoka na mng'ao laini wa rangi ya waridi uliokuwamo humo siku zote.

Kuhusu wale vijana wa kiume wanaozunguka mitaani na vikapu vyao vya rangi, wakipiga chupa kwa chupa tujue wanapita, nitasema kwa ufupi. Wanatafuta riziki kwa jasho lao na siwabezi. Lakini kwa mwanamke wa Kiislamu, kushikwa mkono na kusuguliwa mguu na mwanamume asiye maharimu wake hakufai, na katika madhehebu ya Shafi mguso huo wa ngozi kwa ngozi hutengua udhu wenyewe. Mafundi wa kike wapo. Tuwape wao kazi, na tuwalipe mapema bila kuwazungusha, maana Mtume alihimiza mfanyakazi alipwe jasho lake likiwa bado bichi. Mwanamke aliyeinama juu ya vidole vyako akivuta harufu ya asetoni tangu asubuhi ana haki ya kuulizwa hali, na kuongezewa kidogo ukiwa nacho.

Narudi kwenye kazi yangu. Tumewahi kumpokea binti aliyefariki ghafla, kucha zake zikiwa za akriliki, ndefu, zimepambwa vizuri sana. Sitasema ni nani wala lini. Siri ya maiti ni amana ya mwoshaji. Maji ya josho la maiti yanapaswa kuufikia mwili kama ya aliye hai. Tulituma mtu dukani akatafute asetoni. Tukafunga kila kidole kwa pamba na foili, tukasubiri ganda lilainike, tukalikwangua polepole kwa kijiti, tukafunga tena. Hatukulazimisha. Maiti ana heshima ya mtu aliye hai, na kumvunja ni kama kumvunja aliye hai. Ganda lingekataa kabisa, tungeosha tunachoweza kuosha na kumfanyia tayamamu kwa kilichobaki. Nje, wanaume walikuwa wanauliza kwa nini tunachelewa na Adhuhuri imekaribia. Mama yake aliingia akakaa pembeni, akashika ule mkono mwingine uliokuwa unasubiri. Ganda la mwisho lilipotoka, kucha za binti zilikuwa nyembamba na nyeupe, na maji ya majani ya mkunazi yakapita juu yake. Kucha zake za asili hatukuzikata. Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaji ameona kufanya hivyo ni karaha, na sisi tunalifuata hilo.

Baada ya mazishi nilisikia kinamama wakinong'ona kwamba zile kucha ni dalili ya mwisho mbaya. Niliwaambia pale pale, mbele ya sufuria za pilau, kwamba wamenena wasichokijua. Hakuna aliyepewa kitabu cha yule binti akisome. Yeye alikuwa amejipamba kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, akafikwa na ajali yake. Kazi yetu sisi ilikuwa kuyafikisha maji, na tuliyafikisha. Kilichobaki ni kati yake na Mola wake, Mwenye kurehemu.

Nina maombi mawili. Wenye saluni, mwambieni mteja wa mara ya kwanza, kabla chupa haijafunguliwa, kwamba jeli na akriliki hukaa wiki ngapi na hutolewa kwa njia gani. Yeye ataamua mwenyewe. Na wenzangu wa vikundi vya kuosha maiti, kila msikiti uweke ndani ya sanduku la vifaa chupa ya asetoni, pamba, foili na vijiti, pamoja na sanda na karafuu maiti. Asetoni inapatikana kwenye maduka ya vipodozi Kariakoo, na bei yake haimshindi mtu yeyote anayechangia sanda.